Njumu ya Mguu wa Kulia

Najua mnanicheka. Kila Jumapili, kabla hamjasukuma baiskeli zenu kwenda juu, nawapanga mstari kando ya banda nawaambia: haya, inueni miguu. Nainama na mgongo wangu huu mbovu, nageuza unyayo mmoja mmoja, napapasa soli kwa kidole gumba, halafu ndiyo naziangalia breki. Juzi mmoja wenu, simtaji, anajijua, alimnong'oneza mwenzake, "Babu anatafuta funza." Masikio yangu bado yapo. Nilisikia.

Basi leo nitawaambia ninachokitafuta. Spana nimeshaiacha, mikono inatetemeka. Kazi yangu sasa ni kukaa na kusema, na kazi yenu ni kukaa na kusikiliza, na atakayetoa simu mfukoni nitamwagiza maji kisimani. Nitawaambia zaidi makosa, maana fundi anayesimulia aliyopatia tu ana kitu anataka kuwauzia. Na moja kati ya makosa hayo nusura limpotezee kijana wa watu jina lake katika kata hii nzima. Kwa wiki saba kila mtu Bugarama alimwona hovyo, na mtu pekee aliyejua kwamba si kweli alikuwa mimi, kwa sababu kiatu chake nilikuwa nimekificha chini ya kasha la tyubu. Hilo nitalifikia. Kwanza mjue tulikotoka.

Ninyi mmeikuta timu ina baiskeli za gia na kofia ngumu. Sisi tulianza na ndizi. Vijana wa huku walikuwa wanabeba mikungu kutoka mashambani huko juu, mitatu au minne kwenye keria, wanaishusha hadi barabarani ambapo malori yanapita kwenda Nyakanazi. Kupanda unasukuma, kushuka unapanda. Na breki? Breki ilikuwa kisigino. Unavaa katambuga za tairi, unaurudisha mguu wa kulia nyuma ya nguzo ya kiti, unakanyaga tairi la nyuma, mpira kwa mpira, moshi kidogo, baiskeli inatulia. Mtoto wa huku alijifunza hivyo kabla hajajua kusoma. Wengi walikuwa na breki za mkono zilizokufa zamani, na wala hawakuona haja ya kuzifufua.

Siku za soko wakifika chini walikuwa wanagombana nani ametangulia. Banda langu lilikuwa palepale, na nilijua aliyetangulia kwa kutazama katambuga inayonuka zaidi. Siku moja zikataka kupigwa ngumi, nikawaambia: acheni kushindana na mali za watu. Njooni Jumapili baada ya misa, mshuke watupu, bila mzigo, nitapima kwa saa yangu.

Wakaja tisa. Wakashuka watupu. Wakaanguka saba.

Hilo lilikuwa kosa la kwanza, na lilikuwa langu. Nilidhani anayeweza kushusha mikungu minne ataweza kushusha keria tupu. Kumbe ni kinyume. Mzigo unaikandamiza baiskeli chini, gurudumu la nyuma linakaa. Ukiuondoa, nyuma inarukaruka kwenye mawe na kijana hajui aulalie upande gani. Mmoja alikuja kwangu anavuja damu kwenye kiwiko akasema, "Fundi, nirudishie mikungu yangu, hii baiskeli ina wazimu." Tukafanya hivi: wiki ya kwanza wakashuka na gunia la mchanga kwenye keria, wiki ya pili tukapunguza robo, ya tatu tukapunguza tena, mpaka mwezi wa pili wakawa watupu na hawajui wamekuwaje. Mwanafunzi mgeni mfanyieni hivyo hata leo. Msimpe baiskeli tupu siku ya kwanza.

Gharama tulijilipia wenyewe. Kila mwanachama alileta mkungu mmoja Jumamosi, tunauza barabarani, kinachopatikana tunanunulia tairi, sulusheni ya viraka, waya wa breki. Mikungu ilikuwa inalala nyumbani kwangu. Mke wangu Leonida, ambaye mnamwita bibi na anawapa uji, alikuwa hajaambiwa ipi ni ya timu na ipi ni ya nyumbani, yaani mimi sikumwambia. Jumamosi moja vijana wanakuja kuchukua, wananikuta mezani natafuna. Leonida akawakaribisha, "Kaeni mle, wanangu, ndizi zimeiva vizuri." Wakakaa wakala. Mmoja akamaliza sahani akasema, "Asante mama, tairi la mbele lilikuwa tamu." Tulikaa wiki mbili bila tairi la mbele.

Ufundi nilifundishwa Biharamulo na Fundi Seleman, Mungu amrehemu. Mzee mfupi, kanzu safi siku ya Ijumaa na siku nyingine zote grisi mpaka kwenye nyusi. Alikuwa hatazami gurudumu, analisikiliza. Analining'iniza, analisukuma lizunguke, anafumba macho. Breki ikigusa ringi mahali pamoja, anajua spoku gani ya kukaza. Mimi nikifumba macho sisikii kitu, naye ananiambia, "Gervas, gurudumu hilo linakuita mjinga na wewe unatabasamu." Miezi mitatu ndipo nikaanza kusikia. Ninyi mna simu zinazowapiga picha mkiruka, mnajitazama polepole, vizuri, simkatai mtu. Lakini picha haitoi mlio wa breki inayogusa. Fumbeni macho kwanza.

Alikuwa na sheria moja aliyoirudia mpaka nikawa nachoka: mpanda baiskeli usimbadilishie kitu siku ya safari. Hata kikiwa kizuri kuliko cha zamani. Mpe mwezi mmoja kabla, apande nacho sokoni, aanguke nacho polepole. "Mkono una akili," alisema, "mguu una mazoea tu. Akiogopa, mguu ndio utakaoamua." Nilikuwa naijua sheria hiyo kama ninavyojua jina langu. Sina pa kujitetea.

Sasa tufike kwa Bukuru.

Wengi mnajua kwamba kwa Warundi pacha wa kwanza anaitwa Bukuru na wa pili Butoyi. Mama yake alifika huku akikimbia vita, mgongoni ana mmoja na kifuani mmoja, na Butoyi hakumaliza mwaka. Akabaki na huyu mmoja. Alipokuwa kijana wa miaka ishirini na kitu alikuwa anashusha mikungu mitano, na hakuwahi kupondaponda hata kidole kimoja cha ndizi. Wafanyabiashara wa barabarani walikuwa wanamgombania. Mama Dorisi, aliyekuwa mkubwa wao, alikuwa anasema, "Mzigo wangu apewe Bukuru, na kama Bukuru hayupo, mzigo usubiri."

Nilipomwingiza kwenye timu mama yake akaja bandani. Mwanamke mpole, hapandishi sauti.

"Shikamoo, mzee Gervas."

"Marahaba, Mama Bukuru. Karibu ukae."

"Sikai. Nimekuja kusema neno moja. Mwanangu ni mmoja."

Nikajibu kwa kifua mbele, kama mnavyonijua: "Mama, baiskeli ile nimeifunga mwenyewe kila nati. Likitokea lolote, niulize mimi kabla hujamuuliza yeye."

Akanitazama kidogo. "Ego," akasema, ndiyo hiyo ya kwao, akaondoka.

Mwaka ule timu ya Biharamulo ikaomba kuja kushindana nasi hapa kwetu. Wakaweka sharti moja: hakuna kushuka na katambuga wala kandambili, kila mtu avae viatu vya kufunika, maana kwao kijana mmoja alikuwa ameacha kucha zote kwenye mawe. Sharti la haki. Wenzake Bukuru wanne walikuwa na raba. Bukuru alikuwa na mguu mkubwa, hakuna raba iliyomwingia katika kata hii.

Nikapanda gari kwenda Nyakanazi, siku moja kabla ya mashindano. Nikazunguka kwa wauza mitumba pale karibu na wanapoegesha malori. Kiatu kilichomtosha kilikuwa jozi moja tu, njumu za mpira, nyeusi, meno yake marefu bado hayajaisha. Nikaona, hivi ni viatu vya mwanamichezo, na Bukuru ni mwanamichezo, kuna tatizo gani? Muuzaji akanipigia soli kofi, "Mzee, hizi zinashika hata ukuta." Alikuwa anasema kweli tupu, na mimi nikalipa nikafurahi.

Nikampa asubuhi ya mashindano. Akazivaa, akatembea kama kuku aliyekanyaga tope. "Fundi, zinanipandisha."

"Utazoea. Breki zako za mkono nimezinyoosha, hutahitaji mguu."

Fundi Seleman angekuwepo angenipiga na pampu.

Kona ya Posho mnaijua, pale kwenye mikaratusi, jina lake limetokana na gunia la unga lililopasukia pale likaacha njia nyeupe siku tatu. Ndiyo kona mbaya kuliko zote. Mimi nilisimama pale peke yangu na kitambaa chekundu. Watu wote walikuwa chini wanakopokelea washindi. Tulikuwa tunawaachia washindani mmoja mmoja, kila baada ya dakika tano.

Bukuru akatokea. Nataka msikie vizuri hapa: aliingia kona ile ilivyotakiwa kuingiwa. Alikuja upande wa nje, akalaza baiskeli, macho yake yako mbali mbele, vidole viwili kwenye breki. Hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuiingia vile. Changarawe ikateleza kidogo chini ya gurudumu la mbele, kitu kidogo, kila mtu kinamtokea. Akashtuka. Nikaona mguu wa kulia ukirudi nyuma.

Nilijua kabla hajaanguka. Nilipiga kelele lakini mguu hausikii. Katambuga ingesugua tu. Njumu haikusugua. Meno yake yakaingia kwenye meno ya tairi, tairi likauvuta mguu chini, likaukaba kati yake na fremu, gurudumu likasimama ghafla, yeye akaenda. Nikasikia mfupa. Sitaki kuusema mlio ule.

Alikuwa amepoteza fahamu. Mguu bado umebanwa. Nikafungua kamba, nikautoa mguu, kiatu kikabaki mdomoni mwa fremu. Nikamvuta Bukuru kando ili anayefuata asimpitie, nikavuta baiskeli, nikaking'oa kile kiatu. Nikakitia kwenye mfuko wangu wa spana.

Nikitaka nitawaambia sikufikiri. Nitakuwa nawadanganya. Nilifikiri, na nilifikiri haraka sana. Nilifikiri: wageni wapo, kata yote ipo, watasema timu ya Bugarama inavishwa na mjinga. Nilimfikiria na mama yake. Watu walipofika wanahema wakauliza imekuwaje, nikasema, "Alikata kona kwa pupa."

Maneno manne. Sikuongeza mengine, na hayakuhitaji mengine.

Wageni walimbeba kwenye gari lao hadi hospitali. Mbuzi wa ushindi walikwenda naye Biharamulo, na wala hawakumfurahia. Mama Bukuru alifika hospitalini akakuta mtoto kalala, mguu wa kulia uko uchi umevimba, wa kushoto bado una njumu. "Mana yanje," akasema, yaani Mungu wangu, akashika ukuta. Halafu akanigeukia.

"Mzee Gervas. Ni baiskeli?"

"Baiskeli ni nzima, mama."

"Na kiatu chake cha pili?"

"Kimepotelea kwenye mikaratusi."

Akainama, akafungua kamba za kile cha kushoto taratibu, akakivua, akakiweka kwenye kikapu chake.

Kilichofuata mnaweza kukikisia kama mnaijua Bugarama. Mama Dorisi akasema, "Anayekata kona kwa pupa akiwa mtupu, na mikungu yangu atafanyaje?" Wenzake wakasema hivyohivyo. Hata akipona, hakuna atakayempa mzigo. Kwenye kikao cha timu wakasema baiskeli ya Bukuru apewe Evodia, yule binti aliyekuwa anashusha mihogo kutoka Kibimba, na Evodia alistahili, lakini sababu waliyoitoa ilikuwa kwamba Bukuru hana utulivu. Wakanitazama mimi mzee wao. Nikaitikia kwa kichwa.

Hayo yote si mabaya kama hili. Wiki ya tatu Bukuru akaanza kuja bandani na hogo lake la plasta mguuni na fimbo. Anakaa kwenye kigoda, anachora kona ile kwenye vumbi kwa ncha ya fimbo. "Fundi, ulikuwa umesimama pale. Nilikosea wapi? Niliingia huku, au huku?" Hakumbuki kitu, kichwa kilikuwa kimegonga chini. Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa namfundisha. Nilichukua fimbo nikamchorea mahali ambapo eti alipaswa kupita. Nikamsahihisha kosa ambalo hakulifanya. Naye anaitikia, anafuta, anachora upya. Siku moja akafuta akaacha bila kuchora, akasema, "Labda sikuwahi kujua kuendesha. Labda ni mzigo ndio uliokuwa unanishikilia."

Kiatu kilikuwa chini ya kasha la tyubu, hatua mbili kutoka kigodani. Nilikuwa silali vizuri, chakula kinanishinda. Leonida alidhani ni malaria akanichemshia majani. Niliyanywa yote, machungu kweli, nikaona nimestahili.

Wiki ya saba tulikuwa tunajiandaa kwenda Biharamulo kwa marudiano. Jumamosi asubuhi Evodia anakuja bandani anatembea kama kuku aliyekanyaga tope. Natazama chini: njumu. Nyeusi, meno marefu.

"Nimezipata Nyakanazi, fundi. Kama zile za Bukuru. Kesho navaa hizi."

"Vua!" Nilipiga kelele mpaka watu wa hoteli ya jirani wakatoka na vikombe vyao.

"Kwa nini?"

Na mnajua nilisema nini? Hata hapo bado nilijaribu. Nikasema, "Zinateleza."

"Zinateleza?" Evodia si mtu wa kupokea jibu nusu. "Muuzaji amesema zinashika hata ukuta."

Bukuru alikuwa kigodani. Aliacha kuchora. Alizitazama zile njumu miguuni kwa Evodia, akautazama mguu wake wa kulia, halafu akanyanyua uso akanitazama mimi. Sidhani kama alikuwa ameelewa bado, lakini alikuwa ameanza. Mimi nikaona kesho yake binti huyu kwenye kona ya watu wengine, changarawe kidogo, mguu unarudi nyuma.

Nikaingia ndani, nikainua kasha, nikatoka na kile kiatu. Meno mawili ya mbele yalikuwa yamekatika. Nikamwambia Bukuru, "Twende kwa mama yako. Niliahidi kwake, nitasema kwake."

Tukaenda polepole, yeye na fimbo, mimi na kiatu, Evodia nyuma peku, njumu mkononi, anauliza maswali ambayo hayajibiwi. Mama Bukuru alikuwa uani anapepeta maharage. Akaanza kunipa shikamoo akaona nilichoshika, shikamoo ikaishia katikati. Nikakiweka mbele yake kwenye mkeka. Nikasema yote, kuanzia muuzaji wa Nyakanazi mpaka fimbo niliyochorea vumbini. Sikupamba. Evodia alijifunika mdomo.

Nilingoja kutukanwa. Ningefurahi kutukanwa. Yeye akaweka ungo chini, akaingia ndani, akatoka na njumu ya kushoto. Imeoshwa, imekauka, kamba zimefungwa vizuri. Akaiweka pale mkekani kando ya mwenzake.

"Nilikitunza," akasema. "Mtu aliyenunua kiatu kwa hela yake, kikampotea hatua tatu kutoka njiani, hurudi kukitafuta. Wewe unapita pale kila wiki, mzee Gervas. Hujainama hata mara moja. Nikajua unajua kilipo."

"Sasa mbona hukuniuliza?"

"Ulisema nikuulize wewe kabla ya mwanangu. Nilikuuliza. Hospitalini."

Vijana, nimetukanwa na madereva wa malori wa nchi tatu. Hakuna tusi lililonipata kama lile.

Bukuru alikuwa amesimama muda wote, ameegemea fimbo. Akasema taratibu, "Kwa hiyo kona nilikata sawa?"

"Ulikata sawa."

"Sema tena."

"Ulikata sawasawa, Bukuru. Sijaona aliyeikata vile. Aliyekosea ni mimi."

Akaketi chini akalia kwa sauti kama mtoto, na mimi nikalia, sioni aibu kuwaambia. Mama yake akarudi kwenye maharage yake, lakini alikuwa anapepeta ungo mtupu. Yalikuwa yamemwagika yote na hakuna aliyemwambia.

Bukuru alipojifuta uso akasema, "Sasa twende barabarani kwa Mama Dorisi. Ukaseme hivyohivyo."

Nikaenda. Kiatu mkononi, mchana kweupe, malori yanapakiwa. Nilisema kwa Mama Dorisi, nikasema kwa wenzake, nikasema kwa vijana wa mikungu, na kila nikimaliza Bukuru ananigusa bega na fimbo nianze upya kwa waliochelewa. Mama Dorisi alikuwa anakula hindi la kuchemsha. Alinisema mimi na ukoo wangu mpaka hindi likapoa. Halafu akamgeukia Bukuru, akamwambia, "Hogo likitoka, mikungu yangu ipo. Nimeichoka hii inayokuja imepondeka." Jioni ile nikaandika barua ya kujiuzulu uongozi wa timu. Waliikataa, na kila aliyeikataa alinitukana kwanza.

Mguu ulipona mfupi kidogo. Baiskeli alirudishiwa, Evodia mwenyewe ndiye aliyeileta, kisha tukaunga nyingine kwa ajili ya binti huyo. Bukuru alishuka misimu miwili. Hakushinda tena. Alikuwa anafika Kona ya Posho anapunguza mwendo kidogo, nusu pumzi tu, na katika kazi hii nusu pumzi inatosha kukuacha nyuma. Kiatu nilikirudisha. Nusu pumzi ile sikuweza kuirudisha, na nimejaribu.

Ndiye huyo kocha wenu anayechechemea, mnayesema ana kelele. Njumu zile mbili ndizo zinazoning'inia juu ya mlango wa banda, mnazozigonga na vichwa mkiingia. Aliziomba kwa mama yake akazitundika mwenyewe, sikumwambia.

Na hamjawahi kuona hili, kwa sababu mnachelewa kuamka. Jumapili, kabla ninyi hamjafika, yeye huwa wa kwanza. Hashuki tena mlima, lakini anasimama pale kando ya banda, anashika ukuta, ananiinulia mguu wa kulia. Nainama, napapasa soli. Ananiuliza, "Fundi, nilikata sawa?"

Namjibu kwa sauti. Miaka yote hii, hajaacha kuuliza.

Haya. Simameni. Inueni miguu.